Esansi Imeonewa Vya Kutosha

Juma lililopita, kwenye garaji moja ya Kikula, hapa Likasi, nilimsikia fundi akimwambia jirani yangu, mama mmoja mwalimu: "Mama, motere yako haina shida hata kidogo. Ni esansi ya siku hizi, ni mubaya. Ndiyo inaitetemesha hivi." Mama akaitikia kwa kichwa. Wanaume waliokuwa wakingoja magari yao nao wakaitikia. Likasi nzima imekwisha kukubaliana: gari likitetemeka likiwa limesimama, mwenye kosa ni esansi.

Mimi nimechoka na hukumu hii.

Tufungue kapo basi. Gari la mama ni dogo, la kutoka Japani, usukani kulia, kama mengi tunayoyaona mjini hapa. Lina tangi moja, pampu moja, bomba moja la kupeleka esansi mbele, na silinda nne zinazokunywa humo humo. Motere ikiwa kwenye ralanti, chomoa ile plagi ndogo ya umeme ya bobini ya kwanza: motere inazidi kuyumba. Irudishe, chomoa ya pili: inayumba vilevile. Chomoa ya tatu: kimya, ni kama hujagusa kitu. Basi silinda ya tatu ililala zamani. Sasa niambieni, waheshimiwa wa esansi mbaya: ni sumu gani hii inayoichagua silinda ya tatu na kuziruka nyingine? Watoto wanne wamekula bukari sufuria moja, mmoja tu anashika tumbo, nanyi mnakimbilia kumwaga unga wote wa nyumba!

"Lakini," wataniambia, "mbona ilianza pale pale nilipotoka kununua esansi?" Hoja hii naisikia kila mara, na kila mara inaletwa kwa uso wa ushindi. Ndugu yangu, umetoka Lubumbashi, kilomita 120 hivi, na njia nzima unagombania lami na malori ya shaba na kobalti. Motere inazunguka mara 3000 kwa dakika. Silinda moja ikikosa kusukuma, mwendo wa zile nyingine unaifunika. Kwenye ralanti inazunguka mara 700 hivi, na kila silinda inawaka mara moja katika mizunguko miwili. Hapo pengo la moja unalisikia mpaka kwenye kiti. Na umesimama wapi kwa utulivu kwa mara ya kwanza? Kwenye pampu! (Kwenye peaji pia ulisimama, najua, ila pale ulikuwa na hasira ya kulipia barabara ambayo malori yanakufukuza, hukusikia kitu.) Kwa hiyo pampu ndiyo imekuroga.

Sikatai kwamba maji huingia katika esansi, na kwamba bidoni za kadhafi wengine, wale wauza esansi wa barabarani, hazijawahi kuoshwa. Haya, tia kidogo katika chupa nyeupe, iache itulie. Esansi ni nyepesi kuliko maji. Kama maji yamo, utayaona chini yamejitenga. Katika hao wote wanaoilaani, sijaona hata mmoja aliyekuja garaji na chupa. Halafu esansi ya maji ingezikohoza silinda zote, na gari lingekufa kwenye mlima, si kutetemeka kwa adabu mbele ya geti la shule.

Ukishaijua silinda iliyolala, kazi ni ya ufunguo namba 10 tu. Zima motere, hamisha bobini yake iende kwa jirani. Ugonjwa ukihama nayo, ni bobini. Ukibaki palepale, hamisha bugi, halafu enjekteri, halafu pima kompresio. Wenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari hata hawahitaji kuchomoa: ikiandika P0303, ile 3 ya mwisho ndiyo silinda. Namfahamu fundi aliyesoma namba hiyo kwa sauti, akazima mashine yake, akaenda kuosha tangi.

Silinda zote zikijibu, hapo tazama supoti za motere, hasa kama gari linatetemeka tu ukitia D na kushika breki. Au mpira wa hewa uliopasuka nyuma ya filtri, unafyonza kwa mluzi. Au papiyo iliyojaa masizi. Vumbi letu mnalijua. Wapo pia wanaopandisha ralanti ili mtetemo usisikike, kisha wanadai malipo ya matengenezo. Na kuhusu bugi za bandia zinazouzwa sokoni ndani ya paketi nzuri kuliko za kweli, nikianza leo sitamaliza.

Na huu ndio mji wa viwanda vya Shituru na Panda, mji ulioishi kwa mashine tangu ulipokuwa ukiitwa Jadotville! Wazee wetu walitengeneza mitambo ya kiwanda usiku, kwa taa ya mkononi. Leo tunashindwa kuchomoa plagi nne.

Mama mwalimu aliosha tangi, akabadilisha filtri, akanunua na pampu ya okazio. Gari lilitoka garaji likitetemeka kama lilivyoingia. Kijana wa avenue ya pili ndiye aliyechomoa plagi moja moja, akaikuta ya tatu, akahamisha bobini, ugonjwa ukahama. Bobini ikanunuliwa, gari likatulia.

Ile esansi mbaya iliyomwagwa kutoka kwenye tangi? Fundi wa kwanza alisema ataitupa mwenyewe, kwa kuwa ni ya hatari. Aliitia katika pikipiki yake. Tangu siku ile anapita nayo mbele ya nyumba yangu kila asubuhi, na akisimama kusalimu watu haizimi, ralanti yake safi kabisa.