Kuitayarisha Kompyuta ni Kazi ya Mwalimu

Kila mwalimu aliyepitia chuo hufahamu kwamba somo huanza kabla ya kengele kulia. Azimio la kazi huandaliwa, maandalio ya somo huandikwa, na zana hukusanywa na kujaribiwa. Hakuna mwalimu wa sayansi anayestahili sifa iwapo huingia darasani na zana ambayo hajapata kuigusa. Hata hivyo, kanuni hii isiyobishiwa na yeyote husahauliwa mara tu zana yenyewe inapokuwa kompyuta. Hapo mwalimu hukaa kando akimsubiri fundi kutoka Babati au Arusha. Na fundi asipofika, kompyuta hufungiwa kabatini. Maoni yangu ni kwamba kuitayarisha kompyuta mpakato kwa ajili ya mwanafunzi anayeanza kujifunza kuandika programu ni sehemu ya ufundishaji wenyewe, na kwa sababu hiyo ni kazi ya mwalimu.

Tuyatazame mazingira tutakayofanyia kazi. Kutoka Haydom na Yaeda Chini hadi Basotu na vijiji vilivyo chini ya Mlima Hanang, shule zimetawanyika mbali na miji. Mtandao wa simu haufiki kila bonde kwa nguvu ileile. Watoto huja shuleni na Kiiraqw, Kidatoga au Kihadza kutoka nyumbani. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha darasani, na Kiingereza huja nyuma yake. Kompyuta iliyotayarishwa kwa kudhani kwamba kuna intaneti wakati wote, fundi wa karibu na msomaji wa Kiingereza, haikutayarishwa kwa ajili ya watoto hawa.

Wakazi wa Hanang wana mfano wao wenyewe. Mashamba makubwa ya ngano ya Basotu na jirani zake yalikuzwa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada, yakitegemea mashine na vipuri vya kutoka ng'ambo. Mitambo ile ilikuwa na nguvu nyingi, lakini kila kipuri kilichokosekana kilimkumbusha mkulima kwamba nguvu hiyo haikuwa mikononi mwake. Kompyuta ya shule isiyoweza kurekebishwa na mtu yeyote shuleni itatuweka katika hali ileile.

Basi mwalimu afanye nini? Kwanza, aipunguzie kompyuta mizigo. Kompyuta nyingi hufika zikiwa na michezo, matangazo na programu za majaribio ambazo muda wake umekwisha. Vyote hivyo viondolewe. Kisha zifunguliwe akaunti mbili: moja ya mwalimu, yenye neno la siri na mamlaka ya kubadili mipangilio, nyingine ya wanafunzi, isiyo na mamlaka hayo. Kwa njia hii mtoto anaweza kubonyeza popote bila kuuharibu mfumo, na mwalimu hana sababu ya kumkemea kila anaponyosha kidole. Woga wa kuharibu ni adui mkubwa wa kujifunza.

Pili, zipakiwe programu chache zinazofanya kazi bila intaneti. Kwa wanaoanza kabisa, Scratch inafaa. Ilitolewa mwaka 2007 na chuo cha MIT huko Marekani. Mtoto hupanga amri kama anayepanga matofali, na Kiswahili kimo miongoni mwa lugha zake. Kwa walioendelea kidogo, ifuate Python, lugha iliyotolewa mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum. Njia nyepesi ya kuipata ni Thonny, programu iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, ambayo huja na Python ndani yake na huonyesha hatua kwa hatua jinsi amri zinavyotekelezwa. Ikiwa kompyuta ni kongwe na inatumia Windows 7, mwalimu akumbuke kwamba haipokei Python iliyo mpya kuliko toleo la 3.8, achague toleo linaloafikiana nayo.

Tatu, faili za kupakilia programu hizi zichukuliwe mara moja mahali penye mtandao mzuri, Katesh au Mbulu mjini, na zihifadhiwe katika flashi inayokaa shuleni. Siku kompyuta itakapoharibika, mwalimu ataitengeneza upya kwa saa chache. Anapoiunganisha na simu yake, aiwekee kwanza mpangilio unaoitambulisha njia hiyo kuwa ya kulipia kwa kipimo. Asipofanya hivyo, kompyuta inaweza kuanza kujisasisha yenyewe na kumaliza kifurushi chote.

Nne, maandishi ya kwenye kioo yakuzwe mpaka mtoto wa sita katika kundi ayasome bila kusukumana. Kila kundi liwe na folda yake yenye jina lake, nayo iwekwe mahali pamoja katika kila kompyuta. Mambo haya yaonekana madogo, lakini ndiyo yanayookoa dakika kumi za kwanza za kipindi.

Mwisho kuna jaribio. Mwalimu azime simu, achomoe waya wa umeme, aiwashe kompyuta upya, kisha amwite mwanafunzi mmoja aandike programu fupi na kuihifadhi. Ikiwezekana, kompyuta iko tayari. Ikishindikana, bado ni samani.

Wako watakaosema kwamba madawati na vitabu vitangulie. Hoja hiyo ni ya haki, wala mwalimu asiombe kompyuta kwa kuwanyima watoto madawati. Lakini hapa nazungumzia kompyuta ambayo tayari iko shuleni, hata kama ni moja tu. Kuiacha kabatini hakumpatii mtoto dawati. Wengine husema kwamba yatosha tuwafundishe watoto kuchapa barua, tena walimu walikwisha kugawiwa vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022. Kishikwambi ni msaada mzuri kwa kusoma na kuandaa masomo, na kuchapa barua ni ujuzi wa manufaa. Lakini anayejifunza kuandika programu anahitaji kibodi, na tena anajifunza jambo jingine kabisa: kulivunja tatizo katika hatua, kuzipanga kwa utaratibu, na kutafuta kosa lake mwenyewe bila kulia.

Hapa ndipo uzito wa jambo hili ulipo. Mzazi wa Mbulu anayeuza vitunguu saumu hulipwa kwa simu. Nyuma ya ule ujumbe mfupi anaoupokea kuna programu iliyoandikwa na mtu mahali fulani, ikiamua ni makato gani yatolewe na kwa kanuni ipi. Mtoto wake akiandika programu ya mistari mitatu inayozidisha kilo kwa bei na kutoa makato, ataelewa kwamba mashine haina uchawi: hutii amri alizopewa na mwanadamu, na amri zenye kosa huleta jibu lenye kosa. Mtoto asiyefahamu hili atakua akipokea majibu ya mashine kama apokeavyo mvua.

Mwalimu Nyerere, katika kijitabu chake cha Elimu ya Kujitegemea cha mwaka 1967, alitaka shule zimjenge kijana mwenye akili ya kuuliza na uwezo wa kujifunza kwa wengine bila kuwa mtumwa wao. Ndugu mwalimu-mwanafunzi, kijana huyo hatajengwa na mwalimu anayeiogopa zana yake. Kabla hujamaliza chuo, itayarishe kompyuta moja kwa mikono yako, kuanzia kuifuta hadi jaribio la mwisho. Kisha iandike hatua hiyo katika maandalio yako ya somo, juu kabisa, mahali pa zana.