Akipona mpeni namba!

Ndugu msomaji, pita kijiwe chochote jioni hii, hutakosa kusikia mtu akizikwa kwa mdomo angali hai. "Nani, fulani? Yule kwisha!" Kisa, kalazwa miezi miwili. Wewe umeshasema hivyo. Hata mimi nimesema.

Basi mtazame Eric Abidal, beki Mfaransa wa Barcelona. Machi 2011 alikutwa na uvimbe kwenye ini, akapasuliwa. Mei 28 mwaka huohuo akacheza fainali ya Ulaya pale Wembley, Manchester United ikalala 3-1, na nahodha Puyol akamwachia yeye anyanyue kombe. Lakini ugonjwa haukumwacha. Aprili 10, 2012 akapandikizwa ini, sehemu ya ini la binamu yake.

Ini lina maajabu yake. Kipande anachopewa mgonjwa hukua, na kinachobaki kwa mtoaji hukua pia. Mbio ndizo hazirudi kwa mkato. Tumbo limepasuliwa, misuli imekatwa. Unaanza kwa kutembea wodini, halafu uani, halafu barabarani. Kukimbia ni mpaka daktari aseme. Na kila siku, maisha yako yote, unameza vidonge ili mwili usilikatae ini la mgeni, na vidonge hivyohivyo hupunguza kinga ya maradhi.

Aprili 6, 2013, zimebaki siku nne mwaka utimie, Abidal akaingia uwanjani Camp Nou dhidi ya Mallorca. Akakimbia!

Sasa sikia. Mkataba wake ulipokwisha miezi michache baadaye, Barcelona haikumwongezea. Mwenyewe alitaka kuendelea. Ini halikumtoa Barcelona, karatasi ndiyo iliyomtoa. Akaenda Monaco, akapewa namba, na msimu huo Monaco ikamaliza ya pili Ufaransa.

Hoja yangu ni hii: daktari humaliza nusu ya kazi. Nusu nyingine iko kwa anayepanga timu. Mitaani kwetu anayepanga timu ni nani? Ni bosi anayefuta jina la kibarua aliyetoka hospitali, bila hata kumuuliza anaweza nini. Ni mimi na wewe, tunaomwambia mwenzetu "pumzika tu, kaka" mwaka mzima, hadi anasahau kwamba ana miguu. Eti huruma! Huko ni kumfukuza mtu kwa maneno matamu.

Yapo mashindano ya dunia ya watu waliopandikizwa viungo, yalianza Portsmouth, Uingereza, mwaka 1978. Mbio zimo. Wenye maini ya kupewa wanatimua vumbi, wewe mwenye ini la kuzaliwa nalo umekaa kijiweni unahesabu nani kwisha.

Mwenzako akirudi, muulize daktari kasemaje. Kama karuhusiwa, mpe jezi, mpe kazi anayoiweza. Leo ni yeye. Kesho je?