Waandaaji wapewe haki ya kuzuia bunduki tamashani

Ndugu Mhariri,

Agosti 2022, tamasha la muziki la Music Midtown, lililokuwa lifanyike Septemba katika bustani ya Piedmont Park hapa Atlanta, lilifutwa. Waandaaji walisema sababu zilikuwa nje ya uwezo wao. Vyombo vya habari viliitaja sheria ya silaha ya Georgia kuwa chanzo.

Sheria hiyo ya 2014 inamruhusu mwenye ardhi binafsi kukataza bunduki kwake. Bustani ya umma ni jambo jingine. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya jimbo ilieleza kwamba haki ya mpangaji wa ardhi ya umma kukataza bunduki inategemea aina ya mkataba wake. Kwa hiyo mwandaaji wa tamasha mwenye kibali cha siku chache amebaki mikono mitupu.

Bunge la Georgia lirekebishe kasoro hii. Siipingi haki ya kikatiba ya kumiliki silaha. Lakini penye maelfu ya watu waliobanana, usiku, pombe ikiuzwa, mlio mmoja wa risasi unatosha kuzua mkanyagano. Mzazi anayempeleka mwanawe kusikiliza muziki naye ana haki ya kurudi naye nyumbani salama.

Wako,
Msomaji, Atlanta, Georgia