Gredi ya Pili Haihitaji Kishikwambi

Kauli ya kwamba shule zimefungwa lakini masomo yanaendelea mtandaoni ni miongoni mwa kauli zinazotamkwa kwa wepesi mno na wakuu wa elimu wa Afrika Mashariki, na kwa kuwa hutamkwa mbele ya vipaza sauti na watu waliovaa tai, wazazi wengi wameipokea bila kuidai ushahidi. Ilienea Kenya baada ya tarehe 15 Machi 2020, Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza kufungwa kwa shule zote kwa sababu ya UVIKO-19, na tangu hapo haijafa, kwani kila dharura mpya, yakiwemo mafuriko yaliyochelewesha muhula wa pili wa mwaka 2024 hadi tarehe 13 Mei, huifufua. Imani iliyojificha nyuma yake ni kwamba elimu ni shehena iliyopakiwa ndani ya chombo, hasa kishikwambi, yaani kompyuta bapa inayoendeshwa kwa kidole, hivi kwamba mtoto akikabidhiwa chombo amekabidhiwa shule, na akikikosa basi hakuna la kufanya ila kungoja kengele ilie tena. Imani hiyo ni potofu kwa pande zote mbili, na kwa mtoto wa miaka saba au minane upotofu wake hauna hata kisingizio.

Darasa la watoto wadogo, kwa maana inayofaa kutumiwa hapa, ni mzunguko wa hatua tatu: mwalimu hutoa kazi inayolingana na uwezo wa mtoto, mtoto huifanya kwa mkono na kwa sauti yake mwenyewe, kisha jibu humrudia mwalimu, ambaye hulisahihisha na kuamua kazi ya kesho. Hatua hiyo ya tatu, ambayo walimu huiita mrejesho, ndiyo inayotofautisha kufundisha na kutangaza. Mtoto aliyeambiwa atoe 17 katika 42 akapata 35 hakukosea kwa bahati mbaya. Amejiwekea kanuni yake kwamba tarakimu ndogo hutolewa katika kubwa bila kujali ipi iko juu, na mwalimu mzoefu huitambua kanuni hiyo kwa kulitupia jicho daftari mara moja. Televisheni haina jicho. Mtoto huyo ataendelea kupata 35 kwa miezi yote ya likizo ya lazima, huku mtangazaji wa kipindi akimpongeza kwa tabasamu pana na kumwambia kwamba amefanya vizuri sana.

Kenya ilikuwa na nafasi ya kulijua jambo hili kabla ya wengi. Muungano wa vyama ulioingia madarakani mwaka 2013 ulikuwa umeahidi kompyuta mpakato kwa watoto wa darasa la kwanza, ahadi ambayo baadaye iligeuka kuwa mpango wa vishikwambi, na vifaa zaidi ya milioni 1 vikapelekwa katika shule za msingi za umma. Machi 2020 ilipofika, wakati ambao vifaa hivyo vingeweza kujitetea, watoto waliokusudiwa walikuwa nyumbani na vifaa vilikuwa mali ya shule. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, inayojulikana kwa kifupi cha KICD, ikategemea vipindi vya redio, televisheni na masomo ya mtandaoni, ingawa sensa ya mwaka 2019 ilikuwa imekwisha kuonyesha kwamba kaya zenye kompyuta ya aina yoyote hazikufika moja katika kumi, na kwamba redio, chombo ambacho mipango mikubwa hukitaja mwishoni kabisa, ilikuwa katika zaidi ya nusu ya kaya. Gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walirudi shuleni tarehe 12 Oktoba 2020. Watoto wa gredi ya kwanza hadi ya tatu, ambao ndio hasa hawawezi kujifunza kusoma bila mtu wa kuwasikiliza, walingoja hadi tarehe 4 Januari 2021. Jirani yake Uganda, ambako shule zilifungwa Machi 2020 na kufunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022, ilichapisha vijitabu vya kujisomea, hatua yenye busara kuliko nyingi. Lakini kijitabu nacho hakina miguu, na kisipopata mtu wa kukikusanya, kukisahihisha na kukirudisha, hubaki karatasi.

Watetezi wa skrini hujibu kwamba kosa halikuwa la wazo bali la umaskini, na kwamba siku kila kaya itakapokuwa na intaneti ya kasi na kishikwambi mezani, darasa litahamia nyumbani bila mtoto kupoteza hata herufi moja. Jibu hilo lingependeza kama dunia isingekuwa na Uholanzi. Nchi hiyo, ambamo karibu kila nyumba ina intaneti ya kasi, ilifunga shule zake kwa takribani majuma manane mwaka 2020, na kwa bahati nzuri watoto wake wa shule za msingi walikuwa wamefanya mtihani wa kitaifa muda mfupi kabla ya kufungiwa na wakafanya mwingine baada ya kurudi. Watafiti waliolinganisha matokeo hayo na ya miaka iliyotangulia walikuta kwamba, kwa wastani, watoto walijifunza kidogo sana au hawakujifunza kitu walipokuwa nyumbani, na waliotoka katika familia zenye elimu ndogo walipoteza zaidi. Ikiwa intaneti ya Amsterdam haikutosha, ni muujiza gani unaotarajiwa kutoka kwa bando la siku moja linaloisha kabla ya mwalimu kumaliza kuita majina?

Wala haifai kudhaniwa kwamba dunia ilishtukizwa na haikuwa na mfano wa kuiga. Mwaka 1937 mji wa Chicago, Marekani, ulichelewesha kufungua shule kwa sababu ya polio, ugonjwa unaopoozesha viungo vya watoto, na wakuu wa elimu wakaendesha masomo ya darasa la tatu hadi la nane kwa redio. Vipindi vilikuwa vya dakika 15, magazeti yalichapisha ratiba na maswali ili mtoto awe na karatasi mbele yake, na walimu waliwekwa kwenye simu kujibu wazazi. Inafaa kuzingatiwa kwamba hata wakati ule, katika mji tajiri wenye redio nyingi, darasa la kwanza na la pili hawakuwekwa katika mpango, kana kwamba waliohusika hawakujidanganya kuhusu kile ambacho chombo kinaweza kumfanyia mtoto asiyejua kusoma. Zanzibar nayo, katika muongo wa kwanza wa karne hii, ilikuwa na vipindi vya Tucheze Tujifunze, vilivyotumia mbinu ya redio shirikishi, yaani kipindi kinachonyamaza makusudi ili mtoto ajibu, aimbe au asimame na kuruka, huku mtu mzima aliyeandaliwa kwa kazi hiyo akiwa pamoja na watoto na kuwasikiliza. Sauti ilitoka redioni, lakini aliyejua kwamba mtoto fulani hajaelewa alikuwa binadamu aliyekaa naye mkekani.

Ushahidi ulio wazi zaidi, ambao wapenzi wa vishikwambi huupita kama mtu anayepita nyumba ya mdai wake, ulitoka Botswana. Shule zilipofungwa mwaka 2020, watafiti walizigawa kaya zaidi ya 4,000 zenye watoto wa shule za msingi katika makundi: baadhi zilipata ujumbe mfupi wa hesabu kila juma, nyingine zilipata ujumbe huo pamoja na simu ya takribani dakika 20, ambapo mpigaji aliwaomba mzazi na mtoto waiweke simu kwenye sauti ya nje, akamsikiliza mtoto akikokotoa, kisha akampa swali linalofuata kulingana na alipokwama. Ujumbe peke yake haukuzaa kitu cha kutajwa. Simu iliongeza uwezo wa watoto katika hesabu, na mzazi akawa anajua zaidi kiwango halisi cha mwanawe. Kazi hiyo ilirudiwa baadaye katika India, Nepal, Ufilipino, Kenya na Uganda, ikaleta faida tena. Simu zilizohitajika hazikuwa simu janja. Zilikuwa simu za vitufe, zile ambazo vijana wa Nairobi huziita kabambe na wenzao wa Dar es Salaam huziita kitochi, ambazo mama mboga anazo, mlinzi wa usiku anazo na bibi aliyeko shamba anazo.

Hesabu ya jambo hili ni nyepesi kiasi cha kuaibisha. Mwalimu wa gredi ya pili mwenye watoto 50, akimpigia kila mmoja kwa dakika 10 kwa juma, atatumia dakika 500, ambazo ni saa 8 na dakika 20, yaani saa 1 na dakika 40 kwa kila siku ya kazi. Darasa likiwa na watoto 100, kama ilivyo katika shule nyingi za umma za Tanzania, muda huo wa kila siku huongezeka maradufu na bado haufikii siku moja ya kawaida ya mwalimu aliyesimama mbele ya ubao. Katika dakika 10 mtoto anaweza kusoma aya moja kwa sauti kutoka katika kitabu chake, kufanya hesabu tatu huku akieleza anavyofikiri, na kuambiwa kurasa za juma lijalo. Hapo mzunguko umekamilika: kazi imetoka, jibu limerudi, na mwalimu anajua la kufanya. Gharama ya vocha za mwalimu huyo kwa muhula mzima haiwezi kulinganishwa na bei ya vishikwambi vya darasa zima, ambavyo pia huhitaji chaja, umeme, fundi na mlango wa chuma.

Pingamizi linalotolewa dhidi ya mpango wa namna hii, na ambalo hutolewa kwa uso mkavu kabisa, ni kwamba walimu hawajapata mafunzo. Mafunzo ya nini? Ya kupiga simu? Mwalimu ambaye kila jioni humpigia mama yake aliyeko kijijini na kumweleza kwa subira jinsi ya kutoa fedha kwa wakala ameshahitimu. Hata hivyo si vigumu kukisia jinsi wizara yoyote ya ukanda huu ingelitatua tatizo hilo: ingeitisha warsha ya siku tano katika hoteli yenye bwawa la kuogelea, washiriki wangepewa mikoba, kalamu na posho ya kujikimu, mgeni rasmi angechelewa kwa saa mbili na kuhutubia kuhusu mapinduzi ya kidijitali, na mwishoni ungetolewa mwongozo wa kurasa nyingi ambao sura yake ya kwanza ingeeleza historia ya simu. Fedha za warsha hiyo moja zingenunua muda wa maongezi wa wilaya nzima.

Ni lazima pia kusemwa kitu kuhusu vikundi vya WhatsApp, ambavyo vimegeuzwa kuwa ithibati ya kwamba shule inafanya kazi. Utaratibu wake unajulikana: saa mbili asubuhi mwalimu hutuma picha ya ukurasa uliopigwa ukiwa umeinama, wazazi huweka alama ya dole gumba, mmoja hutuma sala ndefu aliyotumiwa na mtu mwingine, na kufikia saa nne ukurasa umezikwa chini ya matangazo ya mitumba. Baadhi ya shule za binafsi zilidai karo kwa huduma ya aina hiyo, na zikadai bila haya, ilhali wazazi waliokuwa wamepoteza kazi walihesabiwa kuwa wakaidi. Tabia hiyo ya kumtwika mzazi kazi ya shule imeingia hata katika siku za kawaida, ambapo mtoto wa gredi ya kwanza huja nyumbani na agizo la kuchapisha picha za rangi za wanyama wa porini kabla ya kesho, na mzazi hulazimika kukimbilia saiba, yaani duka la intaneti, usiku, akatoa fedha za unga kwa ajili ya picha ya twiga ambayo mtoto hakuichora wala hakuisoma. Hayo huitwa ushirikishwaji wa mzazi.

Kuna nyenzo nyingine ambayo huachwa kabatini kila lango la shule linapofungwa, nayo ni kitabu cha kiada, yaani kitabu kikuu cha somo kilichoidhinishwa kwa mtaala. Tangu mwaka 2018 serikali ya Kenya imekuwa ikipeleka vitabu hivyo moja kwa moja katika shule za umma, kwa lengo la kila mtoto kuwa na chake. Shule inayofunga malango huku vitabu vikiwa stoo, kwa hofu kwamba vitachafuka au vitapotea, imechagua usalama wa karatasi kuliko usalama wa akili, kwa maana simu ya mwalimu huhitaji ukurasa ambao pande zote mbili zinautazama kwa wakati mmoja. Kitabu kilichochanika nyumbani kimesomwa, jambo ambalo haliwezi kudaiwa kwa kitabu kisafi cha stoo.

Walimu wakuu na bodi za shule hawana sababu ya kungoja waraka kutoka wizarani. Muhula huu, kabla ya mvua za masika, kila mwalimu wa darasa na awe na daftari lenye jina la mtoto, namba ya mlezi na ya jirani, na saa ambayo simu hiyo huwa nyumbani, pamoja na orodha ya vitabu ambavyo kila mtoto ataondoka navyo siku ya kufunga. Bajeti ya vocha na iandikwe pale ilipoandikwa bajeti ya chaki, na mzazi atakayeambiwa kwamba masomo yamehamia mtandaoni aulize swali moja tu: ni nani atakayemsikiliza mtoto wake akisoma, na ni siku gani ya juma atakayopiga simu.