Bango la Duka Limehamia Simuni

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, ndivyo tulivyofunzwa. Lakini ukiitazama biashara ya rejareja mjini Kisumu siku hizi, utaona kwamba chema nacho hakina budi kujitembeza. Mama anayeuza ngege na mbuta kutoka Dunga hangoji tena mteja apite mbele ya meza yake. Mitumbwi inapofika ufukoni asubuhi, yeye huwapiga picha samaki wake, akaitia picha hiyo katika WhatsApp, na kabla ya saa sita mtu aliyeko Nairobi amekwisha agiza. Jioni samaki hufungwa katika katoni, wakapanda basi la usiku. Muuzaji na mnunuzi huenda wasionane maisha yao yote.

Basi, duka lisilo na mlango wala kibaraza huwajulishaje watu kwamba ni la nani, na kwamba mwenyewe ni mtu wa kuaminika?

Swali lenyewe si geni katika mji huu. Mwaka 1947 Jaramogi Oginga Odinga na wenzake walipoanzisha shirika la Luo Thrift and Trading Corporation, biashara ya madukani ilikuwa mikononi mwa Wahindi, na watu wengi hawakuamini kwamba Mwafrika aweza kuendesha kampuni. Jina la shirika lilikuwa tangazo tosha: lilitaja ni la akina nani, na lilitaja tabia waliyotaka kujulikana kwayo, yaani kuweka akiba. Kisha wakajenga Ramogi House papa hapa Kisumu, jengo ambalo kila mpita njia angeliona kwa macho yake. Jina bila jengo lingebaki maneno matupu.

Wenye vibanda waliofuata baadaye hawakuwa na bahati hiyo. Kibanda kilipakwa rangi bure na kampuni ya soda, ya sabuni au ya simu, ukuta mzima ukawa tangazo la tajiri, na jina la mwenye kibanda likabanwa pembeni kwa herufi ndogo. Naona mtandao nao umekuwa ukuta wa namna hiyo. Facebook na WhatsApp ni mali ya kampuni moja ya Marekani. Mchuuzi wa Kisumu hupewa pembe yake bure, lakini si yeye anayeamua nani atakayeona tangazo lake, na akaunti ikiibwa au ikifungwa, wateja aliowakusanya kwa miaka mingi hupotea siku moja.

Pamoja na hayo, wachuuzi wetu hawakukosa akili. Wengi wa akina mama hujitambulisha mtandaoni kama walivyojulikana sokoni, Nyar Alego, Nyar Seme, Nyar Asembo, yaani binti wa mahali fulani. Mgeni aweza kudhani ni pambo tu. Kwa Mjaluo, jina hilo ni dhamana: huyu ana kwao, na kwao kuna watu wanaomjua. Vivyo hivyo neno Lolwe, jina la Ziwa kwa Kiluo, limeandikwa juu ya biashara za kila aina, na mtu wa Kisumu aliyeko Mombasa au London akiliona moyo humlainika kabla hajauliza bei.

Lugha nayo husema mengi. Nimeona tangazo la muuza mitumba wa Kibuye lililojaa Kiingereza cha kujivuna kuhusu ubora na umaridadi, hata nikashindwa kufahamu anauza mashati au mapazia. Neno moja tu, kamera, lingetosha, maana kila mnunuzi wa mitumba anajua kwamba kamera ni nguo za daraja la kwanza. Kadhalika wauzaji wa Obunga wanaosema mgongo wazi bila haya: mifupa ya mbuta iliyobaki baada ya viwanda kutoa minofu ya kupeleka ng'ambo. Sijui jina la bidhaa lenye ukweli kuliko hilo.

Ukweli ndio mzizi wa mambo. Mwaka 2018 kilio cha wavuvi na wachuuzi dhidi ya samaki waliogandishwa kutoka China kilimfikia Rais Uhuru Kenyatta, akalizungumzia suala hilo hadharani. Tangu hapo maneno "samaki wa ziwa" yamekuwa kama nembo, na kila anayeuza anayaandika. Lakini wiki moja nilipokuwa nikipitia matangazo hayo, niliikuta picha ile ile, samaki wale wale juu ya sinia lile lile la buluu lenye ufa ukingoni, katika kurasa tatu zenye majina matatu. Wawili kati yao, kama si wote, walikuwa wakiuza wasichonacho. Anayeumia kwanza hapo ni mama yule aliyekesha ufukoni, kwa kuwa mteja akidanganywa mara moja huwashuku wote.

Hata neno ziwa lenyewe lina utata. Ngege wengi tunaokula leo si ngege wa asili. Ni tilapia wa Nile aliyeingizwa ziwani katika miaka ya 1950, na yule wa asili amekuwa adimu. Wengine wanafugwa katika vizimba ndani ya Ziwa hilo hilo. Je, hao si wa ziwa? Kwa maoni yangu ni wa ziwa, lakini mnunuzi ana haki ya kuambiwa kwamba walilishwa chakula cha kununuliwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa haki ya kupata habari zinazomwezesha kunufaika na anachonunua, na Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 inakataza kumdanganya. Nani lakini atakwenda mahakamani kwa ajili ya kilo mbili za samaki?

Kwa sababu hiyo watu wamejitafutia kinga yao. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, tumezoea kusoma jina linalotokea kwenye simu tunapolipa. Duka laweza kujiita jina lolote la kupendeza, lakini likitokea jina jingine kabisa wakati wa kulipa, mnunuzi husita, na mara nyingi huacha. Ndiyo maana wachuuzi wajanja wameanza kuandika jina hilo la malipo juu kabisa ya tangazo, mbele ya jina la duka.

Wengine wamekwenda mbali zaidi. Huacha picha za kupendeza, wakapiga filamu fupi wakiwa wamesimama ufukoni, uso wao ukionekana, wakamfungua samaki mashavu ili mteja aone wekundu wake, wakamtaja mteja kwa jina na kilo alizoagiza, na kusema kwa Kiluo au Kiswahili kwamba basi likichelewa na samaki wakiharibika, hasara ni yao. Filamu ya namna hiyo haiwezi kuchukuliwa na mwenye ukurasa mwingine akaifanya yake.