Picha Siyo Hati: Mnunuzi wa Nyumba Mtandaoni Aanze Kutazama Wapi?

Na Mwandishi Wetu

“Nyumba inauzwa, ipo Goba. Vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, jiko na stoo. Eneo mita za mraba 600. Dakika tano kutoka lami. Hati ipo. Bei shilingi milioni 120, maongezi yapo.” Tangazo la namna hii, likiambatana na picha nane au kumi, ndilo analokutana nalo Mtanzania anayetafuta makazi leo, kabla hajaonana na dalali wala mwenye nyumba.

Manufaa yake ni dhahiri. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na kuizunguka Goba, Chanika na Kigamboni kwa siku moja si kazi ndogo. Kwa simu, mnunuzi hulinganisha bei bila kulipa nauli wala fedha ambazo baadhi ya madalali hutoza ili kumwonesha mteja nyumba. Mtanzania anayefanya kazi Muscat au London naye anaweza kutazama nyumba iliyoko Dodoma akiwa huko huko.

Hata hivyo, ipo haja ya kujiuliza jicho la mnunuzi hutua wapi. Utafiti wa Michael Seiler na wenzake, uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2012, ulitumia vifaa vya kufuatilia mwendo wa macho ya watu waliokuwa wakitazama matangazo ya nyumba kwenye kompyuta. Ulibaini kuwa macho hukimbilia kwanza picha ya nyumba, ilhali maelezo yaliyoandikwa na dalali hupata nafasi ndogo. Utafiti huo haukufanyika nchini, lakini tabia yenyewe si ngeni. Hapa pia mnunuzi huanza na picha, akahamia kwenye bei, kisha akauliza umbali kutoka barabarani. Maneno mawili, “hati ipo”, huyapita kwa haraka, ingawa ndiyo yaliyobeba uzito wote wa mauzo hayo.

Msingi wa uzito huo ni sheria. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, ardhi yote Tanzania Bara ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo anayenunua nyumba hanunui kuta, bati na marumaru peke yake. Ananunua pia haki ya kumiliki na kutumia ardhi iliyo chini yake. Haki hiyo haionekani katika picha, hata ipigwe na kamera bora kiasi gani.

Aidha, neno “hati” katika matangazo hubeba maana nyingi. Muuzaji mmoja humaanisha hatimiliki iliyosajiliwa. Mwingine ana barua ya toleo, ambayo wengi huiita ofa. Yupo mwenye leseni ya makazi, ambayo ni ya muda mfupi, na yupo mwenye karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Karatasi hiyo ni ushahidi kwamba watu wawili walikubaliana mbele ya kiongozi wao. Haithibitishi kuwa aliyeuza ndiye mmiliki. Mnunuzi asiyeuliza ni ipi kati ya hizo anaweza kulipa bei ya hatimiliki na kukabidhiwa mauziano.

Njia ya kuondoa shaka ipo. Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe namba ya kiwanja, kitalu na namba ya hati, kisha afanye upekuzi katika ofisi ya ardhi inayohusika. Upekuzi humwonesha jina la mmiliki aliyesajiliwa, na kama nyumba imewekwa rehani benki au imewekewa zuio. Ikumbukwe kuwa nakala ya hati iliyotumwa kwa simu nayo ni picha tu, na picha huweza kuhaririwa.

Jambo la pili lisiloonekana kwenye tangazo ni familia. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mwanandoa kuuza nyumba wanayoishi kama mume na mke bila ridhaa ya mwenzake, ingawa jina lililo kwenye hati ni la mmoja. Mnunuzi anayezungumza na mume pekee kupitia simu anaweza kulipa leo, kisha akaitwa kesho mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba na mke ambaye hakuwahi kushirikishwa.

La tatu ni mahali penyewe. Picha nyingi hupigwa siku ya jua, na uwanja ulio mkavu wakati wa kiangazi unaweza kuwa njia ya maji wakati wa masika. Mafuriko ya Desemba 2011 jijini Dar es Salaam yaliwakosesha makazi wakazi wa mabondeni, na baadhi yao walihamishiwa Mabwepande. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au ufukwe wa bahari. Nyumba inayosifiwa kwa mandhari ya maji yafaa ipimwe umbali wake kabla ya kupimwa uzuri wake, na jirani aulizwe maji hufika wapi mvua ikinyesha.

Mwisho ni malipo. Fedha inayoombwa haraka “kushikia nyumba” kabla mnunuzi hajafika, huku akiambiwa kuwa wateja wengine wanasubiri, ni dalili ya kutilia shaka. Sheria ya Ardhi inataka mkataba wa kuuza haki ya ardhi uwe wa maandishi, nayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inautambua udanganyifu unaofanywa kwa kutumia kompyuta kuwa ni kosa la jinai. Hata hivyo, kesi huchukua muda, na akiba iliyokusanywa kwa miaka kumi huweza kuondoka kwa muamala mmoja.

Haya yote hayana maana kwamba wananchi waache kutafuta nyumba mtandaoni. Yanataka tangazo lisomwe kuanzia mwisho: kwanza haki ya umiliki, pili ridhaa ya familia, tatu usalama wa eneo, kisha bei, na picha zifuate. Aliye mbali amtume ndugu anayemwamini pamoja na mwanasheria wafike kwenye nyumba na katika ofisi ya ardhi. Nyumba ambayo nyaraka zake ni halali haitapungua thamani kwa kuhakikiwa, na muuzaji wa kweli hana sababu ya kuuogopa upekuzi.