Akili ya mtoto hujengwa kabla hajazaliwa

Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyemtukuza mwanadamu kwa akili. Ijumaa hii tunazungumza na familia zetu juu ya mahali inapokaa neema hiyo na miezi inapojengwa. Aghalabu humngoja mtoto afike madrasa ndipo tuishughulikie akili yake, ilhali ujenzi mkubwa umekwishapita.

Juu ya ubongo limetandazwa gamba jembamba, lenye unene wa milimita 2 hadi 4 hivi, lililokunjwakunjwa ili lienee ndani ya fuvu. Lina seli za neva zipatazo bilioni 16. Mhispania Santiago Ramón y Cajal, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1906 pamoja na Mwitaliano Camillo Golgi, alizichora seli za ubongo kwa mkono wake, akaonesha zilivyopangika.

Matabaka ya gamba hilo, katika sehemu yake kubwa, ni sita. La kwanza, la juu kabisa, lina seli chache. La pili na la tatu huunganisha sehemu za gamba zenyewe kwa zenyewe. La nne hupokea habari za macho, masikio na ngozi kupitia kituo kilicho ndani ya ubongo. La tano hupeleka amri hadi uti wa mgongo, mkono ukanyanyuka. La sita hurejesha majibu katika kile kituo. Seli nyingi zina umbo la piramidi, na kazi yake ni kuchochea. Zilizo chache huzuia, mithili ya breki, ili uchochezi usipite kiasi.

La ajabu zaidi ni namna ya ujenzi. Seli za piramidi huzaliwa chini, kisha hupanda. Zinazotangulia hukaa tabaka la ndani. Zinazofuata huzipita na kukaa juu yake, hadi safu zitimie. Safari hiyo huanza mimba ikiwa haijatimiza miezi mitatu. Mpangilio ulioharibika tumboni haupangwi upya.

Desturi yetu ni kuificha mimba changa. Kuificha kwa majirani si neno. Kuificha kwa zahanati ni kumdhulumu mtoto. Seli hizo zahitaji homoni ya tezi ya shingo ili zikae mahali pake, na katika miezi ya mwanzo mtoto hutegemea homoni ya mama yake. Nayo haitengenezeki bila madini joto. Wapo wenzetu wa pwani wanaodhani chumvi yoyote ya bahari inatosha. Sivyo: madini hayo hubaki humo kidogo mno, ndiyo maana huongezwa.

Mzigo huu tusimtwishe mama peke yake. Baba anunue chumvi iliyotiwa madini joto, ihifadhiwe katika chombo chenye mfuniko, mbali na unyevu na jua. Amwahishe mkewe kliniki mara dalili zinapoonekana, na pasinywewe dawa bila ushauri wa mganga. Dini yenyewe imemruhusu mja mzito anayeihofia nafsi yake au mwanawe kula mchana wa Ramadhani. Vipi basi sisi tumwite mdekaji anapoomba kupumzika?

Mtoto ni amana tangu tumboni. Mwenyezi Mungu atuwafikishe kuitunza.